Varikosi na mwili mkubwa: nipunguze kilo kwanza au nitibiwe mguu kwanza?

MpishiWaShughuli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mpishi wa shughuli, nipo Tanga mjini. Harusi, maulidi, misiba, kipaimara, popote penye masufuria ya pilau utanikuta. Nina miaka 44, watoto watatu, kilo 98, urefu sentimita 164. Vipimo nimevitaja mapema makusudi, asije mtu huko mbele kuniuliza "kwani dada una kilo ngapi?"

Shida yangu ni miguu, ndiyo hiyo varikosi. Wa kulia mishipa imetuna na kujisokota kuanzia ndani ya paja, inapita pembeni ya goti hadi kwenye tafu, kama mizizi ya mwembe. Wa kushoto ni michache tu, myembamba. Asubuhi niko salama. Ikifika saa kumi jioni nikiwa nimesimama mbele ya moto tangu alfajiri, miguu inakuwa mizito, inawaka, na mkanda wa kandambili unaniachia mfereji juu ya unyayo. Usiku misuli inakaza mpaka naamka. Na tangu mwaka jana, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia upande wa ndani, ngozi imekuwa nyeusi, inawasha, na nikiibonyeza naikuta ngumu.

Nimekwenda sehemu mbili, majina nayahifadhi. Ya kwanza ni kliniki binafsi. Waliangalia kwa macho tu, wakasema ni sindano za povu, miguu yote miwili, tuanze leo leo kama nina hela. Ya pili ni hospitali, daktari hata sketi hakunipandisha: "Mama, punguza kilo ishirini halafu urudi." Nikatoka.

Sasa naomba msaada. Mmoja ananiharakisha, mwingine ananifukuza. Mtu mwenye mwili kama wangu anachagua nini kati ya sindano, leza, upasuaji na soksi za kubana? Na kilo zinatangulia au mguu?

Natanguliza shukrani.

KijanaWaMikocheni

Ngoja waje wataalamu. Mimi niko hapa kwa ajili ya pilau.

TibaAsiliaOnline

Dada pole sana. Hiyo ni sumu imejaa kwenye damu. Tuna mchanganyiko wa mizizi na asali, siku 21 mishipa inayeyuka yenyewe na kitambi kinaondoka. Njoo inbox.

MtuWaKisauni

Wewe wa mizizi na asali nenda zako. Mishipa haiyeyuki ikabaki miguu. Ikiyeyuka damu itapita wapi?

Bi Mpishi, mie nakuandikia kutoka Mombasa. Nilipasuliwa 2011, wakati huo nilikuwa na kilo 112 na kazi yangu ni ulinzi, kusimama getini masaa kumi na mbili. Nilichomwa ganzi ya mgongo, wakanikata hapa kinenani, wakaufunga mshipa juu, wakauvuta wote ukatokea huku chini. Upasuaji wenyewe sikuusikia. Balaa lilikuja baada ya kutoka. Kidonda cha kinena kiko kwenye mkunjo, tumbo langu linalala juu yake, jasho la Mombasa unalijua. Kilitoa usaha, kikafunguka, nikawa mtu wa kwenda kusafishwa kila mara. Hospitali ilikuwa nzuri tu, siilaumu. Ni vile mkunjo wa mtu mnene haukauki.

Mguu ulipona, nikafurahi miaka kadhaa. Halafu mishipa midogo ikaanza kuota tena palepale kinenani. Kwa hiyo mimi ukiniambia visu, nakwambia uliza kwanza kama kuna njia nyingine.

ZamuYaUsiku

Mpishi, pole. Mimi ni daktari, sio bingwa wa mishipa ya damu, ila nimefanya kazi chini yao muda wa kutosha na wagonjwa wa aina yako nawaona kila siku ya kliniki. Nitakachoandika kikusaidie kumuuliza maswali mtu atakayeushika mguu wako. Kutibu kwa simu siwezi.

Hao waliokuona wote wawili wameruka hatua moja, na ndiyo yenye majibu yako: altrasaundi ya dopla, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa. Varikosi haichaguliwi matibabu kwa macho.

Vena ni mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Kwenye mguu kuna vena za ndani, zilizo katikati ya misuli, na vena za juu juu chini ya ngozi. Kubwa ya juu juu inaitwa safena kuu. Inaanzia kwenye kifundo upande wa ndani, inapanda mpaka kinena, inamwaga damu kwenye vena ya ndani. Njiani kuna vali zinazozuia damu isirudi chini. Vali zikishindwa, ukisimama tu damu inashuka na kurundikana kifundoni. Shinikizo likikaa hapo muda mrefu, maji yanavuja kwenda kwenye nyama, ndio uvimbe. Chembe nyekundu nazo zinavuja, na chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachotia ngozi yako weusi. Ule ugumu ni kovu linalojijenga chini ya ngozi.

Dopla ya varikosi inafanyika umesimama. Mpimaji anakukamua tafu, anaachia, kisha anatazama damu inarudi chini kwa muda gani. Kwenye vena za juu, ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde vali imeshindwa. Ukilazwa chali, ukapakwa jeli, ukaambiwa "uko sawa" ndani ya dakika mbili, hapo umepimwa kama kuna damu iliyoganda. Varikosi bado hujapimwa. Vena za ndani pia lazima zitazamwe, kwa sababu mtu akiwa na donge la zamani lililoziba huko ndani, hiyo ya juu inaweza kuwa ndiyo njia anayoitegemea. Kuiziba bila kujua ni hatari.

Kuhusu hali yako: duniani wanatumia ngazi inayoitwa CEAP, kuanzia 0 mpaka 6. Namba 2 ni mishipa iliyotuna, 3 ni uvimbe, 4 ni ngozi kuharibika, 5 ni kidonda kilichopona, 6 ni kidonda kilicho wazi. Kwa maelezo yako mguu wa kulia uko 4. Yaani umeshavuka mambo ya urembo, na hatua inayofuata ni kile tunachokiita mtaani kidonda ndugu. Kwa hiyo "punguza ishirini halafu urudi" bila kipimo, bila soksi, bila tarehe, mimi sikubaliani nayo.

Zamu inaniita, narudi kuandika kuhusu uzito.

Mwanakwerekwe

Assalaam aleikum bibie. Mimi ni nesi mstaafu, Unguja. Daktari amesema vizuri, naongeza vitu viwili vya kwetu pwani.

Kwanza, si kila mguu mnene ni varikosi. Sisi tuna matende, na kwenye miguu ya matende uvimbe unapanda na kwenye vidole vya mguu. Jaribu hivi: bana ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikinyanyuka na ukaishika, vyema. Ikikataa kabisa kunyanyuka, mwambie daktari, huenda ni maji ya mitoki na sio vena peke yake. Na wanawake wengine mapaja yanajaa mafuta yenye maumivu, yakiguswa tu yanachubuka, lakini nyayo zimebaki nyembamba. Hiyo ni habari nyengine tena. Moyo na figo nazo huvimbisha miguu, ila mara nyingi ni yote miwili sawasawa.

Pili, msiende kuumikwa juu ya mishipa hiyo. Hijama sina neno nayo, mgongoni na mabegani fanyeni. Lakini kuchanja juu ya mshipa uliotuna ni kuomba damu isiyokatika. Na kukanda kwa maji ya moto kunapanua mshipa, mguu unazidi kuwa mzito.

KijanaWaMikocheni

Shangazi yangu alivimba mguu akaambiwa amekanyaga ndumba za jirani. Wamegombana hawaongei mpaka leo. Kumbe vali.

BaridiTu

Dada Mpishi, nakusalimia kutoka Leicester. Mimi ni mnene mwenzako, kilo 104, kazi yangu kutunza wazee, kusimama na kuinua watu kutwa.

Huku Uingereza kuna mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2013, bado unatumika. Mpangilio wake uko wazi: vali zikionekana mbovu, mgonjwa apewe kwanza matibabu ya joto, yaani leza au mawimbi ya redio. Isipofaa, povu. Ikishindikana, ndipo upasuaji. Soksi hawazihesabu kama matibabu ya varikosi ila kwa mtu ambaye hayo mengine hayamfai. Na humohumo wanamshauri mgonjwa apunguze uzito na atembee. Ushauri unakwenda sambamba na rufaa, kwenye mwongozo hakuna mahali pameandikwa "pungua ndipo tukuone". Ingawa, nisiwafiche, kuna maeneo wanaolipia huduma huwa wanaweka kikomo cha BMI (uzito ukilinganishwa na urefu), nami nilizungushwa kidogo kabla ya kupata.

Nilifanyiwa ya mawimbi ya redio. Niliingia asubuhi, nimetembea mwenyewe kutoka. Kilichouma ni sindano za ganzi, nyingi, kando ya paja zima. Wale wanaosema "husikii kitu" hawana mapaja.

ZamuYaUsiku

Nimerudi. BaridiTu kanirahisishia kazi.

Uzito kwanza. Mpishi, kilo 98 kwa sentimita 164 ni BMI ya 36 na ushee. Mafuta ya tumboni yanabana vena kubwa zinazopandisha damu kutoka miguuni, hivyo damu inapata upinzani kule juu hata kabla hatujazungumzia vali. Ndiyo sababu wapo watu wanene ambao miguu imevimba, ngozi imeharibika, na dopla inaonyesha vali zote nzima. Mtu huyo ukimchoma leza umemlia hela bure. Dawa yake ni kilo, kutembea na soksi. Ukiniuliza kwa nini nasisitiza dopla kwa wanene kuliko hata kwa wembamba, ni kwa sababu hii.

Upande wa pili, vali iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima hata ukipungua kilo thelathini. Utapata nafuu ya uzito na uvimbe, lakini mshipa utabaki. Tena wengine wakipungua wanashtuka mishipa inaonekana zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yanaificha yameondoka.

Je, mnene akitibiwa anapata matokeo sawa na mwembamba? Hapana, na afadhali ulijue kabla ya kulipa. Kuna uchambuzi wa wagonjwa wengi Marekani, ulitoka 2020, ulioonyesha kwamba BMI ikifika 35 na kuendelea, nafuu inazidi kupungua kadiri mwili unavyoongezeka. Waliofanya uchambuzi huo wakashauri wenye 46 kwenda juu wafikirie kupunguza kwanza. Kwa urefu wako, 46 ni kama kilo 124. Uko mbali sana na hapo. Na 35 kwako ni kilo 94. Kwa hiyo ishirini alizokutajia daktari yule ni nyingi kuliko unazohitaji kuanza nazo. Ukishuka nne au tano tu umevuka mstari, na hizo unaweza kuzipunguza huku unasubiri tarehe ya matibabu.

Sasa njia zenyewe, kwa mguu mnene.

Joto, iwe leza au mawimbi ya redio. Wanaingiza waya mwembamba kwenye safena karibu na goti kwa kuangalia altrasaundi, wanaupandisha mpaka karibu na kinena, wanazungushia mshipa maji ya ganzi, kisha wanauchoma kutokea ndani huku wanarudi nyuma. Mashine ya mawimbi ya redio iliyozoeleka inafika nyuzi joto 120 na inachoma kipande cha sentimita saba kwa sekunde ishirini, kisha kipande kinachofuata. Mshipa unasinyaa na kuziba, damu inahamia kwenye vena nyingine zilizo nzima. Hakuna kukata kinena, hakuna nusu kaputi, unaondoka siku hiyohiyo. Kwa mtu mwenye tumbo na mapaja, hayo mawili yanatosha kuifanya iwe ya kwanza. Ugumu wake: kwenye paja lenye mafuta mengi mshipa uko ndani zaidi, picha inakuwa na ukungu, sindano za ganzi zinatakiwa ndefu na maji yanakwenda mengi. Anayekufanyia awe amezoea miili mikubwa, muulize hilo waziwazi bila aibu. Jambo moja linalowaangukia wanene kwa bahati nzuri ni kwamba mshipa ukiwa mbali na ngozi, hatari ya kuungua ngozi ni ndogo.

Povu. Dawa inachanganywa na hewa inakuwa povu, inadungwa kwenye mshipa, kuta zake zinaungua na kushikana. Ni rahisi, haina ganzi, na inafaa sana kwa mishipa iliyojisokota ambayo waya haupiti, kwa wazee, na kwa iliyorudi baada ya upasuaji kama ya Mtu wa Kisauni. Lakini mshipa mnene mara nyingi unafunguka tena. Utafiti wa Uingereza uitwao CLASS, wagonjwa 798, matokeo ya miaka mitano yalitoka 2019: waliofanyiwa leza au upasuaji walikuwa na hali bora ya maisha kuhusiana na miguu yao kuliko wa povu. Pia kuna kiwango cha kudunga kwa siku moja, mabingwa wa Ulaya wanasema isizidi mililita kumi za povu. Kwa miguu mikubwa miwili hiyo inaisha haraka, kwa hiyo "tumalize yote leo" ningeiogopa. Na sisi weusi, povu linaweza kuacha michirizi myeusi inayokaa miezi.

Gundi. Ipo, inaziba mshipa bila maji ya ganzi na bila joto, kwa hiyo mnene anaepuka zile sindano za paja zima. Bei yake imesimama, na wachache wanapata mzio mguu ukawa mwekundu na kuwasha. Kama ulishawahi kupata mzio wa gundi ya kucha au kope za bandia, mtajie daktari.

Kisu. Bado kinafanya kazi, na mahali ambapo hakuna mashine ndicho kilichopo. Kwa mnene shida ni ganzi na kile kidonda cha kinena alichokieleza Mtu wa Kisauni. Anayekoroma mpaka anakata pumzi usingizini amwambie daktari wa ganzi. Na kama kuna mtu anatumia zile sindano za kupunguza mwili, naye aseme, maana chakula kinakaa tumboni muda mrefu na ukilazwa nusu kaputi kinaweza kupanda kikaingia mapafuni.

MpishiWaShughuli

Daktari, Mungu akubariki. Hapo kwenye gundi ya kope umenigusa, macho yalishavimba siku ya harusi ya mdogo wangu.

Hizo soksi nimejaribu. Nilinunua dukani ndefu za mpaka paja, zikawa zinateremka na kujikunja juu ya goti, zinanikata. Nikazitupa.

BaridiTu

Zilikukata kwa sababu zilinunuliwa kwa kukisia. Mtu mnene soksi ya paja haimkai, inajikunja na pale ilipojikunja inabana kuliko kifundoni, damu inashindwa kupanda kabisa. Chukua ya chini ya goti. Upimwe kwa futi ya fundi asubuhi, mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo pale penye wembamba kuliko kote, mzunguko wa tafu pale penye unene, na urefu toka kisigino hadi chini ya goti. Vaa kabla hujateremka kitandani. Mimi navaa na glavu za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa vizuri na kucha haitoboi. Ukifika goti usikunje pindo.

Na kama tafu lako halimo kwenye saizi za dukani, kuna mikanda ya kufunga kwa kunatanisha, unaizungushia mguu na kukaza mwenyewe. Kwa miguu yetu hiyo ni rahisi zaidi, na ukikaa kula unailegeza.

Mwanakwerekwe

Naongeza, mwenye sukari asivae soksi ya kubana sana mpaka apimwe kwanza kama damu inafika vidoleni. Tunapima presha ya kifundo tukalinganisha na ya mkono. Na kwa mwenye sukari kipimo hicho huwa kinadanganya, mishipa yake migumu, kwa hiyo daktari ashike na mapigo ya mguu.

Tena jengine muhimu kuliko soksi. Mshipa wa juu ukipasuka, na hupasuka bafuni mtu anapojisugua, damu inaruka watu wanachanganyikiwa wanafunga kamba pajani. Msifunge kamba! Lala chini palepale, mguu unyanyue juu ya kiti au ukuta, bonyeza tundu lenyewe kwa kitambaa safi na mkono usiutoe. Damu itakatika. Kisha ndio hospitali. Nimeona mtu kafa kwa kukaa kitako kwenye kiti akisubiri bajaji.

MtuWaKisauni

Subhanallah. Hii sikuijua, nanukuu nimtumie mamangu.

Daktari, na mtu ambaye ashapata kidonda, naye aambiwe apungue kwanza?

ZamuYaUsiku

Huyo asisubiri hata kidogo. Kulikuwa na utafiti wa EVRA, ulitoka 2018, wagonjwa 450 wenye vidonda vya vena. Waliozibwa mishipa mapema huku wanafungwa bendeji, nusu yao walishapona ndani ya siku 56. Waliofungwa bendeji kwanza na kuahirishiwa matibabu ya mshipa, ilikuwa siku 82. Kidonda ndugu kinachooshwa miaka na miaka bila mtu kupima vena ni jambo linaloniudhi kupita kiasi.

MpishiWaShughuli

Nimerudi wakuu, nilikuwa na msimu wa harusi. Nilikwenda Dar nikapimwa dopla, nimesimama kweli, dada wa kipimo akanikamua tafu mpaka nikacheka.

Majibu: vena za ndani zote mbili ziko safi. Kulia, safena kuu imeshindwa kuanzia kinena mpaka chini ya goti, upana milimita 9. Kushoto safena haina shida, ni vitawi vidogo tu.

Bingwa amesema kulia tufanye mawimbi ya redio, vile vilivyojisokota kwenye tafu avitoe kwa matundu madogo siku hiyohiyo au aviache aone kama vitanywea vyenyewe. Kushoto asiguse. Nikamuuliza kuhusu kilo, akasema tunaendelea, ila nishuke chini ya 95 kabla ya tarehe. Sasa niko 95 na nusu. Nimeacha soda na kuonja onja jikoni, hiyo ya kuonja ndiyo ilikuwa inaniua. Kopo moja la wali hapa, firigisi pale, mchana nimeshiba bila kula.

Bima nimeambiwa nisubiri kibali. Swali langu: ile kliniki ya kwanza bei ya povu ni karibu nusu ya hii. Kuna mtu ananishauri nichukue rahisi.

ZamuYaUsiku

Safi sana. Majibu haya yamekuokolea mguu mmoja: kliniki ile ingekudunga na kushoto, kwenye safena isiyo na shida.

Kwenye bei, omba ankara ya maandishi inayosema kama ndani yake kuna dopla ya marudio na vitawi. Povu kwa mshipa wa milimita 9 huenda ukalirudia, na bei ya mara mbili sio nusu tena. Kama hela ya mawimbi ya redio haipatikani kabisa, povu linalofanywa na mtu makini, kwa awamu, mguu wa kulia peke yake, bado ni bora kuliko kukaa hivyo hivyo na ngozi ya daraja la 4. Bima nayo isije ikakunyima kwa kudhani ni urembo: mwombe bingwa aandike kwenye fomu kwamba ngozi imeharibika na daraja lake.

Mengine mawili. Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vile vyenye estrojeni vikikutana na uzito na varikosi, hatari ya damu kuganda inapanda. Mwambie bingwa, anaweza kukubadilishia njia. Pia muulize kama utahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda siku ya matibabu. Kwa BMI yako na umri wako huwa wanapiga hesabu ya hatari kabla ya kuamua.

MpishiWaShughuli

Natumia kijiti, nitamwambia. Na la mwisho, nikishafanyiwa Dar naweza kupanda basi jioni nirudi Tanga? Kuna shughuli Jumamosi.

Mwanakwerekwe

Shughuli Jumamosi! Bibie mpe mwenzio upawa.

ZamuYaUsiku

Basi la jioni hapana. Siku hiyo unatakiwa utembee, sio ukunjwe kwenye siti masaa matano au sita. Lala Dar kwa ndugu, tembea nusu saa asubuhi na jioni, vaa soksi kama atakavyokuelekeza, kwa kawaida haizidi wiki. Ukija kusafiri panda la asubuhi, kaa siti ya pembeni ya njia, kunywa maji, chezesha kifundo juu chini, na basi likisimama Chalinze au Segera shuka utembee. Kuvuta kama kamba ndani ya paja na michubuko ni kawaida. Tafu moja kuvimba ghafla na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, hiyo haisubiri Tanga, unashuka hospitali ya karibu.

Kusimama mbele ya moto masaa kumi, subiri angalau wiki mbili, na muulize bingwa kabla ya kurudi.

MpishiWaShughuli

Sawa daktari. Nimeshampigia mwenye shughuli, mdogo wangu atasimamia jiko. Nitakaa kwenye kiti nihesabu sahani.

KijanaWaMikocheni

Shughuli iko wapi hiyo?